Klachi ya Fahali wa Chupa

Kijiwe chenyewe kilikuwa ubao mmoja wa mkaratusi uliopigiliwa juu ya vigogo viwili, mbele ya duka la vipuri la Shashikant mjini Nyamira. Kahawa ililimwa kila upande wa mji huo, na hapo kijiweni hakuna aliyejua ladha yake. Watu walikunywa chai ya maziwa ya Nyanchera, kutoka kwa birika jeusi lililokaa juu ya jiko la makaa tangu asubuhi mpaka jioni. Ulikuwa mwaka wa tisini na tatu, watu wametoka juzi juzi kwenye uchaguzi wa vyama vingi na midomo bado ilikuwa moto. Wenye kijiwe walijua kutengeneza nchi, kanisa, ndoa ya mtu na redio ya mtu, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichowahi kupona mikononi mwao. Jumatano moja, saa mbili asubuhi, wakaletewa klachi.

Aliyeileta alikuwa Obadiah Mogire, akiisukuma pikipiki yake kuukuu huku jasho likimtoka ndani ya koti refu la kaki. Kazi yake ilikuwa kupandisha ng'ombe wa gredi kwa mbegu za mafahali zilizogandishwa, ambazo alizibeba ndani ya mtungi wa baridi uliofungwa nyuma ya kiti. Wenye ng'ombe walimwita daktari. Hakuwa daktari, ila hakuwahi kumsahihisha mtu. Kijiweni, ambako heshima haikupata pa kuketi, alikuwa Fahali wa Chupa.

— Imelala tena? aliuliza mzee Manasseh bila kushusha kikombe. Huyu aligombea udiwani mwaka uliopita akapata kura chache kuliko watu waliolala nyumbani kwake usiku wa kuamkia uchaguzi, na tangu hapo akaitwa Diwani.

— Haijalala, Diwani. Injini inanguruma vizuri sana. Ni mlima tu imekataa.

— Inanguruma na haiendi?

— Inanguruma na haiendi.

— Basi hiyo ni mimi mwaka jana, alisema Diwani, na ubao wote ukatikisika kwa kicheko.

Obadiah alicheka pamoja nao, lakini hakuwa na raha. Asubuhi hiyo Nyanchera alikuwa amemletea ujumbe kutoka kwa jirani yake Mong'ina, mjane wa ng'ambo ya mto: ng'ombe wake amelia tangu alfajiri na kuwapanda wenzake, anataka fahali. Ilikuwa mara ya tatu. Mara ya kwanza klachi iliteleza kilimani, mbele ya kanisa, watu wakitoka ibadani, na Obadiah akarudi kinyumenyume mpaka chini. Mara ya pili alifika kesho yake, joto la ng'ombe limekwisha. Mong'ina alingoja siku nyingine ishirini na moja bila tumaini la maziwa, na safari hii ujumbe wake ulikuwa mfupi. Jua likizama daktari hajaonekana, ng'ombe anakwenda kwa fahali wa jirani, na Jumamosi kikundi cha akina mama, chenye ng'ombe kumi na wanne, kitamtafuta yule mtu wa Kiogoro mwenye kazi kama yake na pikipiki mpya. Bila kikundi hicho Obadiah angebaki na koti na mtungi tu.

— Ng'ombe aliyeonekana asubuhi anapandishwa jioni, aliwaambia. Nina mpaka jioni.

— Mpaka jioni? Buda, hiyo ni muda ya kutengeneza lori, alisema Ronny, akisimama na kujipangusa.

Ronny alifanya kazi Nairobi, kwenye gereji za Grogan, kwa wiki tatu nzima, akarudi na ovaroli, na Sheng, na jina la Grogan. Alikuwa na umri wa miaka thelathini, na mke wake alisema hajawahi kuona ovaroli safi kama hiyo.

— Ilianza kuteleza lini? aliuliza Grogan.

— Kama miezi mitatu.

— Ukafanya nini?

— Nikakaza kebo.

— Ikateleza tena?

— Nikakaza tena.

— Na sasa?

— Sasa kebo haina mahali pengine pa kukazwa.

Shashikant alikuwa amesimama mlangoni mwa duka akisikiliza. Alizaliwa Kisii, akakulia nyuma ya kaunta, na akigombana na mtu aligombana kwa Ekegusii kilichonyooka kuliko cha Ronny.

— Daktari, klachi inataka kulegea kidogo pale kwa mkono, alisema. Ukikaza kebo yote, pleti za ndani hazishikani sawasawa. Ni kama umeifinya kutoka hapa mpaka Gesima. Miezi mitatu umekuwa ukiichoma wewe mwenyewe.

— Mimi?

— Mkono wako wa kushoto.

Obadiah aliutazama mkono wake wa kushoto, akautia mfukoni. Aliona aibu kwanza, kisha akaona hasira, kwa sababu aliyemwambia hayo ndiye muuzaji wa pleti mpya. Kwa bahati nzuri kijiwe hakikupenda maelezo mafupi namna hiyo.

— Bwana Shashi, hayo ni maneno ya kaunta, alisema Diwani. Mimi nasema ni milima. Hii pikipiki imetengenezwa Japani. Umeona Japani kwa ramani? Ni kisiwa. Na kisiwa lazima kiwe tambarare. Kikiwa na milima kitazama.

— Kwa kalenda yangu Japani kuna mlima, na theluji juu yake.

— Hiyo ni kalenda. Hata mimi nilichapisha kalenda na picha yangu, na nikaanguka.

— Wazee mnazunguka tu, alisema Grogan. Shida ni mzigo. Buda, ndani ya huo mtungi uko na mbegu ya mafahali ngapi?

— Mirija ishirini.

— Fahali moja ni kilo ngapi?

— Aliyekomaa? Mia nane, tisa hivi.

— Mara ishirini! Wewe, na mafahali ishirini, mnapanda mlima na klachi moja! Manze, hata treni ingelia.

 Diwani alianza kuzidisha kwa vidole, vikamwishia, akaazima vya Nyanchera. Obadiah alifungua mdomo aeleze kwamba mrija mmoja ni mwepesi kuliko njiti ya kiberiti, kisha akakumbuka jinsi pikipiki ilivyopanda vizuri wiki ile mtungi ulipokuwa karibu mtupu, akaufunga tena. Alikuwa amesomea kazi hiyo miezi sita na alikuwa na cheti ukutani.

— Na si uzito peke yake, aliendelea Diwani. Hao ni mafahali. Wakipita karibu na ng'ombe aliye na joto, si watavuta? Wao wanavuta huku, wewe unavuta kule, pleti zitaacha kuisha?

— Ndiyo sababu kwa Mong'ina inateleza zaidi, alisema Grogan.

— Kwa Mong'ina inateleza kwa sababu kuna mlima, alisema Nyanchera.

— Mama chai, wewe mimina chai.

Saa nne walianza kufungua. Waliilaza pikipiki kidogo, wakamwaga oili ndani ya karai, wakatoa kava ya upande wa kulia, na gasketi, ile karatasi ya kuzuia oili isivuje, ikachanika vipande vitatu. Nyuma ya kava wakaikuta klachi yenyewe: bolti nne, springi nne, na chini yake pleti zimepangwa moja juu ya nyingine, moja ya kukwaruza, moja ya chuma. Harufu ya kuungua ikawapanda puani. Zile za kukwaruza zilikuwa zimelika mpaka zimekuwa laini kama ndani ya kikombe, na zile za chuma zilikuwa zimegeuka rangi ya buluu kwa moto. Hata Diwani alishusha kikombe.

Shashikant alileta pleti mpya, zimefungwa ndani ya karatasi yenye maandishi ya Kijapani na picha moja: mkono wa mtu unatumbukiza pleti ndani ya debe.

— Inasema nini? aliuliza Obadiah.

— Hizo herufi hata mimi sizijui. Lakini picha iko wazi. Pleti mpya zinalowekwa kwa oili kwanza, masaa matatu, manne. Ukizifunga kavu zitang'ang'aniana.

— Bwana Shashi, pole pole, alisema Grogan. Ugonjwa wa hii klachi ni nini?

— Inateleza.

— Na oili inafanya kitu kifanye nini?

— Kiteleze! alijibu Diwani.

— Sasa sisi tunaondoa kuteleza, na wewe unatuambia tupake mafuta! Hiyo debe kwa picha ni petroli. Zinaoshwa. Kule Grogan sisi tulikuwa tunaosha.

— Mlikuwa mnaosha pleti? aliuliza Shashikant.

— Tulikuwa tunaosha.

— Mlikuwa mnaosha nini, Ronny?

— Magari, alisema Grogan, na sauti yake ikapungua.

Hapo ndipo kijiwe kilipogeukia desturi yake. Jambo likishindikana lilipigiwa kura ya mlolongo: anayetaka hivi asimame nyuma ya huyu, anayetaka vile asimame nyuma ya yule, na mlolongo mrefu ndio mshindi. Nchi nzima ilikuwa imeacha mtindo huo na kurudi kwenye kura ya siri. Diwani alikataa kurudi, akisema kura ya siri ndiyo iliyomwangusha, kwa kuwa hata mkewe hakuonekana alikosimama.

— Petroli, nyuma ya Grogan! alitangaza. Oili, nyuma ya Bwana Shashi!

Yeye mwenyewe akasimama nyuma ya Grogan. Nyanchera alisema hawezi kuacha chai ichemke imwagike kwa sababu ya upuuzi. Obadiah akabaki katikati ya barabara na mikono myeusi. Alijua Shashikant alikuwa anasema kweli, alijua kabisa. Lakini oili ilitaka masaa manne na petroli ilitaka dakika kumi. Tena Shashikant ndiye aliyesema ni mkono wake wa kushoto, na wale wengine walisema ni mafahali ishirini. Akaenda akasimama nyuma ya Diwani, upande wa mafahali.

— Watatu kwa mmoja, alisema Diwani. Petroli imepita bila kupingwa.

— Mimi nimepinga, alisema Shashikant.

— Umepinga peke yako, hiyo si kupinga, ni kunung'unika.

Wakaziosha pleti kwa petroli, wakazianika kwenye ubao kama mandazi, wakazipangusa kwa shati la zamani la Diwani lenye picha ya Diwani. Gasketi ilikatwa kutoka kwenye katoni ya sabuni. Oili ya injini walirudisha nusu tu, kwa hofu ya kuteleza. Kufikia saa saba pikipiki ilisimama imefungwa, na Obadiah akapanda, koti limefungwa vifungo vyote. Akapiga kiki. Injini ikaitikia mara ya kwanza. Akafinya klachi mpaka mwisho, akatia gia ya kwanza taratibu, klachi bado ameifinya.

Pikipiki iliruka kama ndama aliyefunguliwa. Iliupita mlango wa Shashikant, ikageuka bila kuulizwa, ikaugonga ubao wa kijiwe ubavuni na kuzima. Nyanchera alikuwa ameshainua birika. Diwani na Grogan hawakuwa na mtu wa kuwainua wao.

— Imeshika, alisema Grogan kutoka chini.

— Imeshika sana, alisema Diwani, akitafuta kiatu.

Hakuna aliyeumia isipokuwa katoni ya sabuni, iliyopasuka na kuvuja. Walipofungua tena, wakazikuta pleti zimegandana, ikabidi zitenganishwe kwa bisibisi.  Shashikant alileta karai safi, akamimina oili mpya, akazitumbukiza pleti moja moja, mkono wake ukawa kama ule wa kwenye picha. Obadiah alitamani mtu huyo amtukane, angalau wamalizane.

— Mpaka saa ngapi? aliuliza.

— Kumi na moja. Halafu kuzifunga, halafu gasketi nyingine.

— Jua linazama saa ngapi?

— Daktari, hiyo sina dukani.

Saa nane. Saa tisa. Obadiah aliketi akilitazama karai, kana kwamba pleti zingelowa haraka zikionewa aibu. Alimwona Mong'ina akifungua kamba, akamwona fahali wa jirani, akawaona akina mama wa kikundi Jumamosi, kila mmoja akitaja jina la mtu wa Kiogoro. Alikuwa na miaka arobaini na sita na hakujua kazi nyingine. Pembeni yake kijiwe kiliendelea na uchunguzi.

— Kura tulihesabu vibaya, alisema Diwani.

— Watatu ni watatu, alisema Grogan.

— Mmoja wetu hakuwa na moyo. Pleti zinajua.

— Mimi nadhani ni hao mafahali. Walisikia kwamba tunaenda kwa Mong'ina, wakakurupuka wote pamoja. Ndio maana iliruka.

— Ishirini kwa mpigo, alisema Diwani kwa masikitiko. Heri tungewatoa kwanza.

Obadiah alijikuta akitikisa kichwa kukubali. Alishtuka, akakiacha.

Saa kumi ilipopita kidogo, ng'ombe alilia barabarani, sauti ndefu ya kudai. Nyanchera aliinua macho.

— Yule si Mong'ina?

Alikuwa Mong'ina kweli, mwanamke mfupi mwenye kitambaa kichwani na gamubuti zilizojaa matope, fimbo mkono mmoja na kamba mkono wa pili, na kwenye kamba ng'ombe mweusi na mweupe aliyekuwa akinusa hewa. Alisalimia watu wote mmoja mmoja, kama inavyotakiwa. Kisha akamgeukia Obadiah.

— Daktari, nimeona jua linakwenda, nikasema nikulete kazi yako.

— Nilisikia ungempeleka kwa fahali wa jirani, mama, alisema Obadiah. 

— Nilisema. Huyo fahali ametufuata mpaka darajani, nikampiga fimbo ya pua. Lakini nilimwangalia miguu na mgongo, nikaona hapana. Mimi nilichagua yule fahali wa picha uliyonionyesha. Uko naye?

— Niko naye.

Shashikant alifungua geti la uani na ng'ombe akafungwa kwenye nguzo ya kibanda cha kuni. Obadiah alinawa kwa sabuni mara tatu mpaka weusi wote ukatoka. Alimwomba Nyanchera maji ya moto, akayapoza kwa ya baridi, akayaonja joto lake kwa kifundo cha mkono kama mama anayeandaa maziwa ya mtoto. Alifungua mtungi, moshi wa baridi ukamwagika chini, akatoa mrija mmoja na kuutia ndani ya maji hayo, akihesabu kimya. Kazi hiyo aliijua. Mkono wake wa kushoto, uleule, uliingia bila papara ukatafuta njia, na wa kulia ukafuata, na ng'ombe akasimama ametulia. Kwa dakika kumi hakuna aliyemwita Fahali wa Chupa, na Diwani alikuwa amevua kofia bila kujua.

— Tayari, mama. Baada ya siku ishirini na moja tutaangalia kama ameshika.

— Asante, daktari.

Mong'ina alifungua kamba, lakini hakuondoka. Walipotoka mbele ya duka alilitazama karai lenye pleti, akaitazama kava juu ya gazeti, na springi, na katoni iliyokatwa duara, na wanaume wengine watatu waliokuwa bado weusi mpaka viwikoni. Uso wake ulikuwa na huruma ya kweli.

— Daktari, nikuulize kitu, usikasirike.

— Uliza, mama.

— Kutoka kwangu mpaka hapa ni saa moja kwa miguu, na huyu ng'ombe akisimama simama kula nyasi. Nimefikiria njia nzima. Uko na shida ya mguu?

Nyanchera, aliyeipita njia hiyo kila siku na birika lake, alijifunika mdomo kwa leso na mabega yakaanza kumcheza.

— La, mama, alisema Obadiah. Mguu uko sawa.

— Yote miwili?

— Yote miwili.

— Basi?

Diwani alikitazama kikombe chake, kikiwa kitupu, akakinywa. Grogan aligundua doa kwenye ovaroli. Shashikant alisema kuna mteja, akaingia dukani, na dukani hakukuwa na mtu. Mwanamke alingoja jibu kwa adabu, kichwa kimeinama kidogo. Obadiah alizitazama gamubuti zake mwenyewe. Alikuwa ameamini miaka yote hiyo kwamba watu wakimwona akija kwa miguu watajua si daktari, na hakuwahi kujiambia jambo hilo waziwazi mpaka dakika ile. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, lakini aliiacha ipande.

Aliufungua mtungi kutoka kwenye pikipiki, akautundika begani kwa mkanda wake. Kisha akaichukua kamba kutoka mkononi mwa Mong'ina.

— Nitakusindikiza, mama. Yule fahali bado yuko njiani.

Wakaanza kuteremka, yeye na koti lake la kaki mbele, ng'ombe nyuma yake. Mpaka wanafika darajani alikuwa amesalimiwa na watu saba, na wote walimwita daktari.